BIMA YA AFYA NA AMANA YA WATU WA NYUMBANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maradhi akajaalia na dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa mwanamume ni mchunga nyumbani kwake, naye ataulizwa kwa hao aliowachunga. Ataulizwa juu ya chakula na nguo, na ataulizwa juu ya usiku ule mtoto alipowaka homa na mfukoni hamna kitu.

Jambo hili limekuwa zito katika miji ya pwani. Mtu huulizwa barazani, "Je, umewaandikisha watu wako katika bima?" Naye hujibu, "Nimemtegemea Mungu, yatosha." Kisha mkewe huenda kujifungua, akapasuliwa, na hesabu ya hospitali ikaletwa. Hapo mikufu ya dhahabu, nayo ni mahari ya mke na mali yake khasa, hupelekwa sokoni. Na isipotosha, hupitishwa karatasi ya mchango msikitini. Mtu huyu hakumtegemea Mungu, amewategemea watu. Mtume s.a.w. alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache huru na kutawakali, alimwamrisha amfunge kwanza, ndipo atawakali. Na nahodha naye ni mtu wa kutawakali, lakini hang'oi nanga illa ametazama tanga, kamba na maji ya kunywa.

Wako wasemao, "Madhehebu ya Shafii hayakumlazimisha mume dawa ya mkewe." Neno hili limeandikwa kweli: Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kwamba bei ya dawa na ujira wa tabibu si katika haki za mke juu ya mume. Lakini msomaji asisome mstari mmoja akafunga kitabu. Maulamaa wa madhehebu hayo hayo wameingiza ujira wa tabibu na bei ya dawa katika nafaka ya mtoto na mzazi wasiojiweza, kwani nafaka hiyo ni ya kutosheleza haja. Na katika wanazuoni wa zama hizi, Sheikh Wahba Zuhayli amesema ya kuwa matibabu leo ni haja kama chakula, basi ni juu ya mume. Wala si wema mtu kustarehe na mkewe akiwa mzima, akamrudisha kwao akiugua.

Ama hukumu ya bima yenyewe, mas'ala haya si mageni. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya bima ya wafanya biashara wa baharini, akakataza kuchukua badala ya mali iliyoharibika kwa mkataba ule. Na Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, iliyokutana Jidda mwaka 1985, ilikata shauri ya kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ni haramu kwa gharari kubwa iliyomo, ikawaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana, ambayo kila mtu hutoa kwa nia ya tabarrui. Mfano wake ni Ashari, ambao chakula kilipowapungukia walikusanya walicho nacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume s.a.w. akawasifu.

Basi mwenye kuchagua na aanze na takaful, ambayo Kenya ilianza mwaka 2011. Kadhalika mfuko wa serikali: tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara Kenya hukatwa asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake. Malipo haya ni amri ya sheria, wala hayakuwekwa kwa faida ya mwenye hisa. Ndipo wanazuoni wengi walipoyahesabu katika kusaidiana. Na asiyepata illa ya biashara, naye ana dharura, amwendee mwanachuoni amweleze hali yake. Asijitolee fatwa mwenyewe.

Kisha asome karatasi kabla ya kutia sahihi. Je, wake zake wote wameandikwa, au mmoja? Wazazi wamo? Ni kwa kulazwa tu, au na kwa mgonjwa arudiye nyumbani? Mwenye mimba angoje miezi mingapi? Mwenye sukari au presha ya zamani atapokewa? Kima kikiisha, nani atalipa? Na hospitali ipi iliyo karibu itaikubali? Bima ipokelewayo Nairobi peke yake haimfai mtu wa Pate.

Wala asifiche maradhi aliyonayo, wala asimwazime jirani kadi yake. Hiyo ni khiyana, na mfuko ni mali ya wagonjwa wengi.

Dinari bora ni ile mtu aitoayo kwa watu wake. Basi kabla ya mwezi huu kwisha, kila mwenye nyumba na aketi na ahali yake, awahesabu kwa majina, aone ni nani aliyeachwa nje.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu, na awajaalie wachunga kuwa waaminifu. Amin.

Wabillahi ttawfik.