Juzuu ya Pili ya Kilwa

Kuna vitabu vya kitaaluma vinavyoshika jambo moja tu na haviliachii. Cha Neville Chittick kuhusu Kilwa, kilichotoka Nairobi mwaka 1974, ni cha aina hiyo: juzuu mbili, kwa Kiingereza, kuhusu mji mmoja wa kale katika kisiwa kilicho ng'ambo tu ya Kilwa Masoko. Ya kwanza ni historia na uchimbaji. Ya pili ni vitu vilivyofukuliwa: vigae, shanga, sarafu, vipande vya vyombo vya China. Inachosha, jamani. Ila ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Chittick aliona kwamba Washirazi walianza kutawala Kilwa mwishoni mwa karne ya 12, si ya 10 kama tarihi za kale zinavyodai. Halafu mwaka 1984 zikafukuliwa sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, na Mark Horton akasema mtawala Ali bin al-Hasan ni wa karne ya 11. Kumbishia Chittick kuliwezekana kwa sababu alikuwa ameanika kila kitu: kigae kipi, kutoka tabaka lipi la udongo.

Sasa swali langu: mtu akiandika kitabu kizima juu ya kwenu, anakudai usome au wewe ndiye unayemdai? Mimi nasema anadaiwa, na deni halilipwi kwa muhtasari. Wa Kisiwani wamekwisha kupewa hadithi tele: Ibn Battuta alifika 1331, Husuni Kubwa, Urithi wa Dunia tangu 1981. Ushahidi ndio umebaki kwenye maktaba za mbali. Aliyepewa hadithi tupu anaweza kuikubali au kuikataa, kuibishia hawezi.

Najua jibu litakalokuja. Eti nani Kilwa atasoma kurasa za vigae? Haya, na London wanasoma wangapi? Vitabu hivi husomwa na wachache popote pale, na uchache huo haujawahi kuwa sababu ya kutovichapa. Tena mwanamke aliyekulia kwenye ufinyanzi huenda akaona katika mchoro wa chungu jambo ambalo profesa amelipita.

Kwa hiyo tafsiri ningeianzia juzuu ya pili. Kazi itakuwa kupata majina ya midomo na shingo zote zile za vyungu, na hapo mfasiri itabidi avuke kwenda kuwauliza wafinyanzi wenyewe.