Wewe Ndiye Eliya?



Msimu wa usajili ukifika, pale Sinza Kijiweni kila mtu anakuwa kocha. Simba au Yanga ikitangaza kijana mpya, kabla hajagusa mpira keshaitwa Messi. Si utani: Ramadhani Singano alipochezea Simba, Messi ndiyo likawa jina lake. Na si kwetu tu. Marekani klabu huchagua chipukizi kwa zamu. Mwaka 2004 Freddy Adu, miaka 14 tu, alichaguliwa wa kwanza, akaitwa Pelé mpya. Alizunguka klabu nyingi, na huyo Pelé hakuonekana.

Mtaani kwetu kulikuwa na dogo tuliyemwita Samatta. Mimi ndiye niliyeanza, nikidhani namtia moyo. Alipokosa nafasi kwenye majaribio, mimi tena ndiye niliyesema, "Samatta gani huyu?" Watu wakacheka. Siku hizi uwanjani haji, hata VIWAWA haonekani.

Jamani, tunamkopesha mtu jina, kisha tunamdai kwa kejeli.

Fungua Yohane 1:19-23. Makuhani na Walawi wanamuuliza Yohane Mbatizaji: ni Kristo? Ni Eliya? Ni yule nabii? Majina makubwa matatu, angeweza kujichukulia moja akatamba nalo. Akayakataa yote, akataja kazi yake tu: yeye ni sauti, anamtengenezea Bwana njia.

Baadaye Yesu mwenyewe alisema Yohane ndiye Eliya (Mathayo 11:14). Lakini angalia ni lini: Yohane yuko gerezani, kazi ameshaifanya. Sisi tunatanguliza jina, kazi hatujaiona.

Hata Samatta mwenyewe, kijana wa Mbagala, alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk ndipo akafika Aston Villa mwaka 2020. Hatua kwa hatua.

Wiki hii, ukitaka kumsifia mtu, taja alichofanya kweli. "Pasi yako ya leo ilikuwa safi" inatosha kabisa. Na kama kuna uliyemcheka, mtafute. Mimi Jumamosi naenda kwa yule dogo. Nitamwita kwa jina lake la ubatizo, nimwombe msamaha, ndipo niende kuungama.

Tusali: Ee Yesu, unayemjua kila mmoja wetu kwa jina, utufundishe kuwaona wenzetu jinsi walivyo na kusema kweli juu yao. Amina.