Jina na Joto

Jioni moja ya musimu wa Kaskazi, saa ambayo upepo hupita juu ya mapaa usiteremke ndani ya nyumba, mwana wa ndugu yangu, ambaye riziki yake ni kupiga picha za arusi na kuziunga ziwe filamu, alikuja kwangu na kompyuta yake ya mpakato kwapani, akaniamkia, akaketi jamvini, na baada ya kahawa alinieleza shaka iliyomsumbua kwa muda wa mwezi mzima. "Ami," alisema, "hii yangu ina prosesa ya daraja la saba, na nimeilipia kwa jasho. Mwenzangu ana ya mezani, kuukuu, ya daraja la tano. Tumezipa filamu ile ile ya saa mbili. Yake ilikwisha kabla ya adhuhuri. Yangu iliingia alasiri haijakwisha. Basi saba ni kubwa kuliko tano, au si kubwa?" Sikumjibu mara moja. Nilitia mkono chini ya mashine yake, iliyokuwa ingali kazini, nikauondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria.

Swali lile lilikuwa na sura ya dukani, lakini ndani yake mlikuwa na maswali mawili ambayo wenye hikima wameyahangaikia tangu zamani: jina ni nini mbele ya kitu chenyewe, na je, nguvu isiyopewa nafasi ya kutenda yastahili kuitwa nguvu?

Tutazame mfano ulio wazi kwa kila mtu. Katika kizazi cha prosesa za Intel cha miaka 2016 na 2017, Core i7-7500U, iliyofanywa kwa ajili ya mipakato miembamba, ina viini viwili, yaani sehemu mbili ndani yake ambazo kila moja yaweza kufanya kazi peke yake, na imekadiriwa wati 15. Ilhali Core i5-7400 ya kompyuta za mezani, ambayo kwa cheo cha jina iko chini yake, ina viini vinne na imekadiriwa wati 65. Ni kweli kwamba kila kiini cha ile ya kwanza kinajua kushika kazi mbili kwa kupokezana, lakini watu wawili wenye zamu nne hawawi watu wanne. Wala desturi hiyo haikukoma. Core i9-13900K ya mezani, iliyotoka mwaka 2022, ina viini 24 na huruhusiwa kufika wati 253. Core i9-13900H ya mpakato, iliyoifuata mwanzoni mwa 2023, ina viini 14 na ukomo wake ni wati 115. Tarakimu ni zile zile, na kinachozitenga ni herufi moja mkiani. Kadi za picha, ambazo mchezaji wa gemu huzitegemea pengine kuliko prosesa, zimefuata njia hiyo hiyo: RTX 4090 ya mezani ina viini vyake vidogo 16,384, na ya mpakato, kwa jina lile lile, ina 9,728.

Chanzo cha tofauti hii si hila, ni joto. Umeme unaoingia katika prosesa hutoka karibu wote kama joto, na matumizi yake hupanda kwa kadiri ya mwendo na kwa mraba wa volti. Na kwa kuwa mwendo mkubwa hudai volti kubwa, hatua chache za mwisho za mbio hugharimu kuliko nyingi za mwanzo. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa na volti ikapunguzwa pamoja nazo, joto la kila eneo la kipande halitazidi. Neema hiyo ilidumu kama miaka thelathini, kisha volti ikakataa kushuka zaidi, na tangu hapo kuongeza mwendo kumekuwa ni kutafuta pa kuliweka joto. Rolf Landauer, mwaka 1961, alikuwa amekwisha kwenda ndani zaidi kwa kueleza kwamba kufuta habari moja tu, iliyo ndogo kama ndiyo au siyo, hakuwezi kufanyika ila joto litoke, hata liwe dogo namna gani. Kila tendo la mashine tulizo nazo lina ushuru wake, na ushuru huo haulipwi kwa sarafu nyingine. Kompyuta ya mezani ina nyumba pana, mapezi marefu ya madini na feni kubwa za kuutoa; mpakato una unene wa kidole, na feni zake, zikiwapo, ni ndogo na zina kelele. Na nyumba zote mbili, huku kwetu pwani, zinaoshwa kwa hewa ambayo yenyewe ina joto tayari.

Wanafalsafa wa Kiislamu waliomsoma Aristotle, na Ibn Sina akiwa mbele yao, walitenga kuwa kwa quwa na kuwa kwa fi'li, yaani kile ambacho kitu chaweza na kile ambacho kitu chatenda. Sijapata kuuona mgawanyo huo ukidhihirika kwa macho kama katika prosesa ya M1 ambayo Apple iliitoa Novemba 2020, ikatiwa katika mpakato wa MacBook Air usio na feni hata moja, na ikatiwa pia katika Mac mini ya mezani yenye feni. Kipande ni cha dhati moja. Katika kazi ya dakika chache huwezi kuwatenga ndugu hao wawili. Mpe kila mmoja kazi ndefu, na yule asiye na feni, baada ya kujaa joto, hupunguza mwendo wake mwenyewe ili asiungue. Quwa ni moja na fi'li ni mbili, na kilichozitenga ni pumzi. Hapa ndipo nilipoanza kuamini kwamba nguvu haikai katika kitu peke yake. Hukaa katika kitu pamoja na mahali pake na muda wa kazi yake, na anayekutajia nguvu akanyamaza juu ya mahali na muda amekutajia nusu.

Kunyamaza huko ndiko kunakonishughulisha. Katika Qur'ani imo sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo, na katika Hadithi zilizopokewa na Imamu Muslim imesimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya ukavu wa juu. Mwenye bidhaa alitoa udhuru wa mvua, na hakukanushiwa mvua yake. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Nimelifikiri sana jambo hilo. Nafaka ilikuwa nafaka, na mvua haikuwa kosa la mtu. Kosa lilikuwa katika mpango wa chungu. Watengenezaji wa prosesa huandika wati na viini katika karatasi zao, na mwenye ujuzi huzisoma. Lakini maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa sioni kwamba yametimiza amana, maana mnunuzi wa kawaida hununua kwa jina, nao wanaolichagua jina hilo wanalijua hilo.

Na dhuluma haimpati mnunuzi peke yake. Jina la kuazima linaudhulumu mpakato pia. Kitu kinachoandika barua, kinachopiga hesabu za duka, kinachofungua picha mia na kuziweka sawa kwa wati 15, yaani umeme wa taa moja au mbili za kisasa, kina fadhila ambayo cha wati 125 hakina. Na kazi nyingi za binadamu ni za kupasuka na kutulia, sekunde mbili za mbio na dakika nzima ya kungoja kidole cha mtu, ambapo mpakato haupitwi kwa lolote la kuhisiwa. Umeme ukikatika, ile ya mezani hunyamaza papo hapo na kazi isiyohifadhiwa hupotea, ilhali mpakato huendelea kama ambaye hakusikia habari. Sifa hizi ni za kweli na zingetosha kuuzia. Kuuvika jina la mwingine ni kuuingiza katika mashindano ambayo haukuumbwa kwayo, kisha kuulaumu kwa kushindwa.

Gemu liko baina ya kazi fupi na kazi ndefu. Haliishi kwa dakika mbili kama barua, wala halidai viini vyote kwa muda wote kama filamu ya arusi. Linataka majibu mengi ya upesi, yasiyochelewa hata moja, kwa saa nzima. Ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D ya AMD, iliyotoka 2022 na viini vinane tu, ilipendwa na wachezaji kuliko nyingine zilizo kubwa, kwa sababu ya akiba yake ya megabaiti 96 iliyo karibu na viini, inayoipunguzia safari za kwenda kwenye kumbukumbu kuu. Hata hapo si cheo kilichoshinda.

Nilimweleza kijana hayo yote, na usiku ukaingia. Juma lililofuata alikwenda kutafuta mashine ya pili, ya kazi ndefu, na aliporudi alinihadithia kwamba hakuuliza daraja. Alimwomba muuzaji ampe nafasi ya kuitia filamu yake na kuiacha ichemke kwa nusu saa, na yule muuzaji, baada ya kumtazama kidogo, alimvutia kiti. Akaketi pale, mkono wake ukiwa juu ya tundu la hewa, akihisi inavyotoka.