Siri ya Fundi na Kioo Kilicho Wazi

Je, fundi wa ngoma anadaiwa na watazamaji siri ya ufundi wake? Swali ni la kale, ila kompyuta imelirudisha uwanjani.

Tuanzie Usukumani, ambako ndiko iliko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Katika nchi hiyo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma baada ya mavuno. Masimulizi huvinasibisha vyama hivyo na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule avutaye umati mkubwa zaidi. Nyuma ya sauti na viungo mna dawa ya mvuto, nayo kiongozi haianiki juani.

Upande wa pili, mwaka 2004, mjini Hamburg, wanamuziki wa kompyuta waliunda umoja uitwao TOPLAP, wakashikilia sharti moja: atungaye muziki kwa kuandika programu mbele ya hadhira, na aonyeshe kioo cha kompyuta yake. Vifaa ni vichache: kompyuta, spika, na programu ya bure kama Sonic Pi, iliyobuniwa na Sam Aaron wa Uingereza. Mpigaji huandika mistari michache: ilie sauti gani, ingojewe kwa muda gani, kisha irudiwe. Mzunguko ukilia, yeye huubadili mstari, na badiliko huingia zamu ifuatayo bila ngoma kukatika. Akikosea, wote wanaona.

Mwenye haraka atahukumu kuwa huyu ni mkweli na yule ni mfichaji. Mimi sikubali. Kiweke kioo hicho mbele ya umati wa Bariadi, amri zake zikiwa za Kiingereza: asiyezielewa ataona nini ila hirizi ing'aayo? Kuonyesha si kufundisha. Dawa ya Msukuma imefichwa kwa mpita njia, lakini ina mlango: mfuasi huingizwa chamani, akapokea kwa kiongozi kile ambacho kiongozi naye alipokea.

Nitaambiwa kwamba mlango huo una bawabu awezaye kukataa, ilhali programu ya bure haimkatai mtu. Ni kweli, na ni fadhila kubwa. Hata hivyo, nasi watu wa pwani tuna kanuni zilizo wazi: kila mtu aweza kuhesabu mizani 8 kwa 8 na kupanga vina. Hakuna aliyekuwa malenga kwa kuhesabu tu.

Basi deni la fundi si siri, ni njia. Sonic Pi humruhusu mpigaji kuunda amri zake na kuzipa majina ayatakayo. Kijana wa Simiyu atakayeziita kwa Kisukuma, kisha akaketi na mwenziwe kumweleza neno kwa neno, huyo atakuwa amelilipa.