Klasi Pacha na Hoja ya Leibniz
Mwanafalsafa Leibniz alishikilia kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kwa kila sifa. Vikilingana kabisa, basi ni kimoja. Lugha ya programu ya Java yaonekana kumpinga. Faili ileile ya klasi ikipakiwa na vipakiaji viwili tofauti, programu inayoendeshwa hupata klasi mbili: jina moja, msimbo uleule hadi baiti ya mwisho, lakini ukizilinganisha kwa == jibu ni kwamba si sawa. Python nayo, moduli ikipakiwa upya, huunda klasi mpya yenye jina la zamani, na vitu vilivyoundwa awali havihesabiwi kuwa vya klasi hiyo mpya.

Mtetezi wa Leibniz atasema tofauti ipo, kwa kuwa kipakiaji nacho ni sifa. Ni kweli, ila sifa hiyo haimo katika umbo la klasi. Ni uhusiano wake na chimbuko lake. Mwingine atauita huo urasimu wa mashine tu. Lakini kama jina lingetosha, msimbo wa mgeni ungejipa jina la klasi inayoaminika na kufikia siri zake. Kwa hiyo kufanana ni ushahidi tu wa umoja. Kinachouthibitisha ni asili.