JE, NI UADILIFU KUMTENGEA MTOTO MMOJA SAHANI YAKE?

Mzazi mwenye watoto wanne huwaketisha kwenye sinia moja, wala hambagui yeyote kwa kipande cha nyama, na watu humsifu kwa uadilifu wake. Basi tabibu akimwambia kwamba mmoja wao amerithi maradhi ya mafuta katika damu, na kwamba asile samli, maini wala tui zito, afanyeje? Akimnyima ilhali nduguze wanakula, moyo humwambia amedhulumu. Akimpa sawa na wenziwe, amemdhuru.

Maradhi haya hayatokani na ulafi. Mwaka 1938 tabibu Carl Müller wa Norway alieleza habari za jamaa ambazo kolesteroli nyingi, vinundu vya mafuta na maradhi ya moyo vilifuatana toka kwa mzazi hata kwa mwana. Baadaye Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walibainisha sababu, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985: ini hukosa milango ya kutosha ya kuiondoa kolesteroli katika damu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyarithi maradhi hayo. Mtoto huweza kuwa mwembamba kama ufito, akicheza mchana kutwa, na damu yake imejaa. Miongoni mwa wanaume wasiotibiwa, takribani nusu hupatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 50.

Wako wasemao kwamba kilichokadiriwa hakiondolewi kwa kunyimwa samli. Hoja hii ni dhaifu, kwani asemaye hivyo naye hufunga mlango wake usiku. Yenye nguvu ni ile isemayo kwamba chakula peke yake hakitoshi. Ni kweli: hupunguza sehemu tu, na wengi huhitaji dawa za statini, ambazo kwa kawaida huanzwa kwenye miaka 8 au 10. Lakini moyo wa miaka minane ndio ule ule wa miaka minne, na ulimi huzoea mapema.

Kwa rai yangu, kosa limo katika swali lenyewe. Tumedhani hapana budi mtoto atengwe, tukasahau kuwa sinia ndilo liwezalo kubadilishwa. Mbaazi zikipikwa kwa tui jepesi, samaki akachomwa, nyama ikaondolewa mafuta, ni nani kati ya wanne aliyedhulumiwa? Tena huenda nduguze nao wanayo, hawajapimwa tu. Mchanga wa chini ya miaka miwili ndiye asiyepunguziwa mafuta ila kwa amri ya tabibu. Ama baba aliyemrithisha mwanawe maradhi hayo, kisha akamkataza samli naye akaila mbele yake, sijui atamjibu nini siku atakapoulizwa.

Siku ya harusi ni jambo jingine. Mtoto wa miaka sita na apewe pilau kidogo pamoja na wenziwe. Na bibi yake aambiwe mapema, kwa adabu, asimfichie vipande vya mafuta jikoni kwa huruma.