TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 20: Usiku Unaouzwa na Usiku wa Bure



Ndugu zangu katika imani, leo ni mwezi 20 Ramadhani. Jua likizama tu, tumeingia kumi la mwisho. Basi leo tuzungumze juu ya usiku, na tuanzie mahali ambapo huenda hukutarajia: kisiwa cha Ibiza, Hispania, katika Bahari ya Mediterania.

Vijana wetu wanakijua kwenye simu zao. Kisiwa hicho pamoja na jirani yake Formentera hupokea watalii zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na wengi wao wamefuata baa na klabu. Klabu ya Pacha ilifunguliwa 1973, Amnesia ikafuata 1976. Kule saa mbili usiku bado mapema. Milango ya klabu hufunguliwa karibu na saa sita usiku, na muziki hupigwa mpaka alfajiri. Kiingilio ni makumi ya euro, na hapo hujanunua hata maji.

Sasa hebu tazama. Saa tisa usiku, saa kumi, maelfu ya watu wako macho. Wamesimama kwa miguu yao masaa matano, na hakuna anayenung'unika kwamba leo imamu karefusha! Tena wamelipa.

Na huo ni wakati gani? Ni theluthi ya mwisho ya usiku. Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba wakati huo Mola wetu hushuka mpaka mbingu ya dunia, akiita: yuko wapi mwenye kuomba apewe, yuko wapi mwenye kutaka msamaha asamehewe? Mlango huo hauna kiingilio. Wewe na mimi tuko wapi saa hiyo?

Usiwacheke wale watu. Wengi wao wamechoka na maisha, wanatafuta pa kupumulia. Lakini angalia hesabu ya biashara yenyewe. Suratul Baqara aya ya 219 inatueleza kwamba pombe na kamari mna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Manufaa Ibiza yapo: ajira, fedha, mahoteli. Lakini kodi za nyumba zimepanda mpaka wapo wafanyakazi wanaolala kwenye magari na mahema. Na mwaka 2020 serikali ya visiwa hivyo yenyewe ikapiga marufuku ofa za pombe za bei rahisi katika mtaa wa baa wa San Antonio. Mwaka 2024 ikakaza zaidi: maduka ya eneo hilo yasiuze pombe kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa mbili asubuhi. Hawakuifuata aya. Madhara yenyewe ndiyo yaliyowafundisha.

Kuna jambo jingine wengi hatulijui. Kisiwa hiki kiliwahi kuitwa Yabisa. Kuanzia mwaka 902 mpaka 1235, zaidi ya miaka 300, kilikuwa chini ya Waislamu. Adhana ya alfajiri ilisikika juu ya mji ule ule. Kisha likaja jeshi la Kikristo la Aragon, kikatekwa kwa vita. Leo wapo tena Waislamu pale, wengi kutoka Morocco, wanafanya kazi na wanafunga kama wewe.

Wale wa Yabisa walinyang'anywa kwa upanga. Sisi usiku wetu nani ametunyang'anya? Hakuna. Tunautoa wenyewe, kidogo kidogo. Tarawehe ikiisha ni mpira, kisha tamthilia, kisha simu mpaka saa nane. Daku tunaamshwa kwa kupigiwa kelele, tunameza tonge mbili, adhana hiyo! Hatukwenda klabu, ni kweli. Lakini usiku umepita vile vile, na hatuna cha kuonyesha.

Msimu wao ni kuanzia Mei mpaka Oktoba. Msimu wetu ni siku kumi, na ndani yake umo usiku mmoja ulio bora kuliko miezi elfu, yaani zaidi ya miaka 83. Nani mwenye akili atalala msimu wa mavuno?

*Kazi ya usiku wa leo:*
1. Zima simu baada ya tarawehe. Hii tafakuri uwe umeshaisoma!
2. Amka nusu saa kabla ya daku. Swali rakaa mbili tu, kisha witri kama hukuiswali. Omba kwa lugha yako, Allah anaielewa.
3. Muamshe mmoja nyumbani, kwa upole. Na kama una kijana anayekesha nje, usimtukane. Mtaje kwa jina lake katika sujudi.

Ewe Mola wetu, tuamshe saa unayoita, na uwaongoze waliopotea usiku, wa mbali na wa nyumbani kwetu. Aamin.

Mtumie na mwenzio. Tukutane kesho in shaa Allah.